Neno Lililorudi na Posa

Saumu alizijua hatua za Zuberi. Kwa mwaka mzima mwanaume huyo alikuwa akipanda ngazi za maktaba polepole, akisimama kwenye kila ngazi kama anayetafuta kisingizio cha kuingia, na yeye ndani, nyuma ya meza ya kuazimia vitabu, alikuwa akiinamisha uso ili asionekane anatabasamu. Jumanne ile hatua zilikuja mbili mbili. Hodi haikusikika. Zuberi aliusukuma mlango, akafika mezani, akaitupa bahasha juu ya daftari la wasomaji.

"Soma."

"Hata salamu hakuna?"

"Soma kwanza, Saumu. Salamu utanipa baadaye, kama utakuwa na uso wa kunisalimia."

Aliitambua bahasha kabla hajaigusa. Nyeupe, ina ua dogo la bluu pembeni. Walikuwa wameichagua pamoja dukani, wakabishana kwa dakika ishirini kuhusu lile ua. Ndani yake ilikuwamo barua ya posa. Jumapili, baba mdogo wa Zuberi, Bwana Hamisi, alipanda nayo milima kutoka Mazinde, amevaa kanzu yake ya Idi, akaenda kuikabidhi kwa Mzee Nassoro Shechambo, kijijini Yoghoi. Mzee Nassoro ni baba yake Saumu. Tangu Jumapili binti alikuwa akisubiri jibu bila kuthubutu kuliuliza, maana msichana haulizi.

Jibu lilikuwa juu ya bahasha, limepita katikati ya ua la bluu. Neno moja kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa zilizonyooka za baba yake, bwana shamba mstaafu aliyeandika vibao vya miche kwa miaka thelathini.

TOKA.

"Baba mdogo ameishika hiyo bahasha mpaka Mazinde," Zuberi alisema. "Ameiweka mezani mbele ya mama yangu. Mama hajui kusoma, akauliza, 'Wamesemaje wakwe?' Unajua alivyojibiwa? Alijibiwa, 'Wakwe wamemfukuza mwanao.' Nimefanya nini, Saumu? Nimeiba? Nimelewa mbele yake? Nimekushika mkono barabarani?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Ijumaa baba mdogo anakwenda kwa watu wengine kuulizia binti mwingine. Amekwishasema. Hawezi kupanda milima mara ya pili kwenda kutukanwa. Mimi ni mtu wa nyika, sawa, tunanuka jua na vumbi la mkonge, lakini mtu ukimkataa unamwambia, 'Ahsanteni, binti bado anasoma.' Hata uongo mdogo mmeninyima!"

Saumu hakuwa akimsikiliza sana. Alikuwa akilitazama neno. Wekundu ule. Herufi zile, upande wa kulia juu kabisa, zimesogezwa pembeni ingawa nafasi ilikuwepo tele katikati.

"Zuberi, ile ripoti yangu uliisoma?"

"Ripoti gani?"

"Ile ya tovuti. Karatasi sita. Nilikupa wiki iliyopita."

Zuberi alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Mimi nazungumza ndoa, wewe unaniletea ripoti!"

"Uliisoma au hukuisoma?"

Aliufungua mkoba wake kwa hasira, akazitoa karatasi, akazibamiza juu ya bahasha. Zilikuwa zimekunjwa vilevile alivyozikunja yeye. Nyuma ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na mchoro wa nyaya, umechorwa kwa kalamu ya risasi, na mviringo wa kikombe cha chai.

Hapo Saumu naye akakasirika. Hasira yake haikuwa na kelele. Ilikuja kama ukungu wa msitu wa Magamba unavyoshuka, huoni umeanzia wapi, ghafla huoni mti wa jirani.

Tovuti ile ya maktaba aliitengeneza Zuberi, kwa miezi minne, baada ya wafadhili kuleta dishi la intaneti na kompyuta tatu zilizokwisha tumika kwingine. Ilikuwa tovuti ya kwanza ya maktaba katika wilaya, na kila mtu aliisifu, kwa sababu hakuna aliyeitumia. Saumu peke yake ndiye aliyesema, "Tuwaweke watu mbele yake tuone." Aliwatafuta watu tisa. Alimkalisha kila mmoja kwenye kiti, akampa kazi ndogo za kufanya, naye akakaa nyuma na kalamu. Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Aliisoma katika kurasa za kopi zilizoachwa na mgeni mmoja aliyekuja kupanda milima, akazifasiri kwa kamusi, mstari kwa mstari, majira mawili ya mvua.

"Ukurasa wa tano," alisema. "Msomaji wa saba. Soma kwa sauti."

"Saumu..."

"Uliniambia soma, nikasoma. Soma."

Zuberi alilifungua lile kunjo. Alianza kwa sauti ya dharau, haraka haraka, kama mtoto anayesomeshwa kwa nguvu.

"Msomaji wa saba. Mwanaume, miaka sitini na minane. Kazi, kutafuta kitabu anachokijua. Saa nne na dakika kumi, anasubiri picha ya milima ifunguke. Dakika tatu na nusu. Anauliza kama kompyuta imelala. Sijajibu. Saa nne na dakika kumi na sita, ameandika jina la mwandishi kama anavyoitwa, Nassoro Shechambo. Jibu..."

"Endelea."

"Jibu, HAKUNA." Sauti ilikuwa imeshuka. "Ameandika tena kwa herufi kubwa. HAKUNA. Ameandika jina la kitabu, akakosa herufi moja. HAKUNA. Saa nne na nusu, amegeuka, ananitazama. Sijajibu. Anatafuta pa kumalizia. Ameona neno jekundu juu kulia. Amelisoma kwa sauti. Amevaa kofia. Ametoka."

Mvua ndogo ilikuwa ikigonga bati. Saumu alikwenda kwenye rafu ya kilimo, hatua sita tu kutoka ilipo kompyuta, akarudi na kijitabu chembamba cha jalada la kijani, *Miti ya Matunda ya Baridi*, kilichoandikwa na bwana shamba Nassoro Shechambo, mstaafu. Akakiweka juu ya ile bahasha.

"Alikuja kukitafuta kitabu chake. Alivaa koti la harusi yake, Zuberi. Alimwambia mama, 'Nakwenda kujiona ndani ya kompyuta.' Kompyuta yako ikamwambia mara tatu kwamba hayupo duniani, halafu ikamwambia toka. Halafu siku ya nane, wewe uliyeitengeneza unamletea barua kwamba unamtaka binti yake!"

"Hilo ni neno la kompyuta!" Zuberi alifoka. "Unaingia, unatoka! Ni kitufe! Hakuna aliyemtukana!"

"Kwenu Mazinde, mgeni akimaliza chai mnamwambia toka?"

"Usiniletee Mazinde!"

"Nakuletea. Mnamwambia toka?"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Alilitamka kwa upole, ndiyo maana lilichoma.

"Hapa pameandikwa 'sijajibu'. Na hapa tena, 'sijajibu'. Mwandiko wako huu. Baba yako amegeuka akakutazama wewe, Saumu, si mimi. Wewe ndiye uliyekuwa nyuma yake na kalamu. Kitabu kiko hatua sita. Ulishindwa kunyoosha kidole?"

Katika kurasa zile za mgeni kulikuwa na mstari ambao Saumu aliupigia mstari mara mbili: usimsaidie msomaji, ukimsaidia hutajua anakwama wapi. Aliufuata kwa wasomaji wanane bila shida. Kwa wa saba aliufuata huku akiuma meno. Alidhani ile ndiyo kazi nzuri. Na tangu siku ile, nyumbani kwao ambako watu huamka, hula na kugombana kwa Kishambaa, baba yake alikuwa akimsemesha kwa Kiswahili cha ofisini. "Tafadhali niletee maji." "Ahsante, unaweza kwenda." Yeye alifikiri ni uchovu.

"Kufuata kanuni si kosa," alisema, na hata yeye hakuliamini.

"Basi na kitufe changu si kosa."

Mlango ukafunguliwa. Bwana Fanueli, mkuu wa maktaba, alikuwa amerudi kutoka kula, akipangusa miwani.

"Bwana asifiwe. Samahani, hapa ni maktaba au baraza la ndoa? Kibao kinasema kimya, nami nimewasikia tangu stendi."

"Bwana Fanueli," Saumu alisema bila kumgeukia Zuberi, "lile neno toka kwenye tovuti, ulipoliona siku ya kwanza ulidhani ni la nini?"

"Lile jekundu? Nilidhani ni onyo kwa wanaokula karanga humu ndani. Nikasema safi sana, kijana ana akili." Akavaa miwani, akaiona bahasha, akaona nyuso zao. "Nimesahau mwavuli," akasema, ingawa alikuwa ameushika, akatoka tena.

Saumu alivuta kiti cha mbele ya kompyuta.

"Kaa."

"Sina muda wa michezo."

"Umeitengeneza, itumie. Kaa hapo, tafuta kitabu cha baba."

Zuberi alikaa kwa kishindo. Alikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba yeye ni fundi na wengine ni wajinga, akasubiri picha ya milima ifunguke huku akigonga meza kwa vidole, ikafunguka theluthi ya juu, mawingu matupu, ikasimama. Akaendelea kugonga. Saumu alisimama nyuma yake. Aliiona shingo yake, kola iliyochakaa kidogo ambayo siku nyingi alitamani kuishona, na akachukia kwamba hata sasa, katikati ya hasira hii, bado aliitamani.

Milima ilipokamilika, Zuberi aliandika kwa vidole viwili, kwa nguvu: Nassoro Shechambo.

HAKUNA.

Chumba kikawa kimya kama kibao kilivyotaka.

"Jina la mwisho linaanza," alinong'ona. "Nimesahau. Inatakiwa Shechambo kwanza."

"Nani katika milima hii anamwita mtu hivyo? Bibi Esta wa Gare alipoliona 'jina la mwisho' aliniuliza, 'La mwisho kwa nini, kwani nakufa?' Ni msomaji wa tatu. Ukurasa wa pili. Ungefungua lile kunjo, Zuberi, ungecheka, ungerekebisha, na ungeyajua ya msomaji wa saba, ungekwenda kumwomba radhi kabla ya barua. Nilikupa kazi yangu ya majira mawili, ukaiwekea kikombe cha chai."

Zuberi aliendelea kuitazama ile HAKUNA.

"Niandike nini badala ya toka?"

"Usiniulize mimi. Kamuulize aliyefukuzwa."

"Amenifukuza kwa maandishi, Saumu."

"Basi nenda bila maandishi."

Alikichukua kile kijitabu, akajifunika kanga kichwani kwa ajili ya mvua, akatangulia.

Njia ya Yoghoi wanapita wageni wengi wanaokwenda Irente kutazama nyika kutoka juu. Siku ile waliipita watu wawili wasioitazama. Saumu mbele, Zuberi nyuma na koti lake jembamba la mtu wa joto, akiteleza kwenye udongo mwekundu kila kona.

"Hasira zako zinatembea haraka," alisema mara moja, akihema.

"Zinajua njia."

Walimkuta Mzee Nassoro barazani, akipanga mapeasi kwenye tenga, moja moja, akitenganisha kila tabaka kwa majani makavu ya mgomba. Mama yake Saumu, Bi Mwanamisi, alichungulia kutoka jikoni, akaona nani amekuja, akashika kichwa.

"Hodi," Zuberi alisema akiwa nje ya ua.

Mzee aliendelea kupanga.

"Hodi wenyewe."

Peasi moja. Jani. Peasi nyingine.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Nassoro aliinua uso. Alimtazama kijana kwa macho yasiyo na mtu ndani, na alipozungumza, sauti yake ilikuwa bapa, bila kupanda wala kushuka, kama ya kengele ya shule.

"Neno hilo halitambuliki. Andika jina. La mwisho kwanza."

Bi Mwanamisi alisema, "Baba Saumu, Mungu anakuona." Mzee hakugeuka.

Saumu, nyuma yake kidogo, aliona taya la Zuberi linavyobana, akaogopa kwamba atajibu vibaya na mambo yote yataishia pale, kwenye matope.

"Saidi," alisema Zuberi. "Saidi, Zuberi."

"Hakuna."

"Mzee, nimekuja kuomba radhi. Sikujua..."

"Hakuna. Jaribu tena."

"Naitwa Zuberi Saidi, wa Mazinde. Ile tovuti ni kazi yangu. Nimekaa leo kwenye kiti ulichokaa wewe, nikatafuta kitabu chako, nikaambiwa hakuna. Mimi niliyeitengeneza. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona."

Mzee aliligeuza peasi mkononi, akalinusa. "Hakuna," alisema, lakini safari hii alichelewa kidogo.

Saumu alikuwa amesimama nyuma ya Zuberi. Ghafla aligundua amesimama palepale, mahali pa mwenye kalamu, ambapo kazi yake ni kutazama mtu anavyokwama.

"Yupo," alisema.

Mzee alimgeukia. "Tafadhali usiingilie mazungumzo." Kiswahili cha ofisini.

"Naingilia, baba. Nisamehe, lakini leo naingilia." Aliipandisha sauti. "Siku ile ulinigeukia nikanyamaza. Kitabu kilikuwa nyuma yako, hatua sita, nami nilikuwa nakiona. Ningeweza kukuambia, 'Baba, kiko pale.' Sikusema, kwa sababu karatasi ya mtu nisiyemjua iliniambia nisiseme. Hilo ni kosa langu, si la Zuberi. Nikasirikie mimi! Nipige, nifukuze! Lakini usisimame hapo ukamwambia mtu mzima hayupo na huku unamwona. Uliumia wewe ulipofanyiwa. Kwa nini unamfanyia mwenzako?"

Alitoa kijitabu cha kijani kutoka ndani ya kanga, alikokuwa amekikinga na mvua, akakiweka juu ya mapeasi.

"Kipo. Na huyu yupo. Na mimi nipo, baba. Siku kumi hujaniita jina langu."

Mzee Nassoro alikitazama kijitabu, akapangusa tone la maji kwenye jalada kwa upande wa kiganja chake. Kisha akaokota peasi, akaanza tena kupanga, na Zuberi, aliyekuwa amesubiri hadi pumzi ikamwishia, aliinamisha kichwa akageuka kwenda.

"Wewe. Unakwenda wapi?"

Zuberi alisimama. "Naondoka, mzee. Nimesikia."

"Umesikia nini? Nimesema hakuna. Toka sijasema."

"Kwenye bahasha..."

"Ile sikuandika mimi. Nilinakili." Hasira ilikuwa bado ipo usoni, ila sasa ilikuwa hasira ya mtu, mwenyewe amerudi machoni. "Mgeni akiondoka kwangu namsindikiza mpaka pale kwenye mkuyu. Nabeba mzigo wake. Hata mkusanya kodi nilimsindikiza. Kompyuta yako inajua kusindikiza?"

"Haijui, mzee."

"Na wewe?"

Zuberi alitazama chini, kwenye viatu vyake vilivyojaa udongo. "Sikufundishwa vizuri."

"Barua ni jambo jingine, sijaligusa. Hamisi akitaka kupanda tena atapanda, akiona mlima mrefu abaki huko na joto lake. Mimi nazungumza hilo neno kwanza. Hilo ndilo tutalimaliza leo, hata kama jua litazama tuko hapa tunagombana."

Alisogeza tenga kwa mguu ili papatikane nafasi barazani. Kisha, bila kumtazama binti yake, akasema kwa ukali uleule:

"Saumu, lete kigoda. Mgeni hawezi kugombana amesimama."

Alilisema kwa Kishambaa.